Kilo Kumi na Tano

Jumamosi hiyo niliazima mizani kwa Gathirwa wa bucha,
ile ya kuning'iniza, yenye ndoana na uso wa saa,
bado ikinuka mafuta ya figo.
Nikaifuta kwa sketi ya shule
nikaipeleka machimboni, ng'ambo ya Kiamunyi,
ambako mama alikuwa akivuta mawe.

Mawe ya kujengea, yamechongwa pande nne,
yamepangwa juu ya bati lililokunjwa ncha kama ulimi,
na kutoka kwenye ulimi huo kamba ya katani
hadi begani kwa Kageha, mama yangu,
mrefu kuliko wanaume wote wa shimo lile.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu Sigilai
alikuwa amechora mshale ubaoni, umeinama,
kisha akaupasua bila kuuvunja:
mmoja ukalala, mmoja ukasimama.
"Kila kinachovutwa mshazari," alisema,
"kina safari mbili ndani yake."
Darasa likanakili. Mimi nikaona kamba.

Basi nikafunga mizani kati ya kamba na bati.
"Vuta, mama."
Akavuta. Sindano ikatetemeka,
ikatua kwenye ishirini na tano.
Nikapiga magoti katika vumbi jeupe
na kipimapembe changu kilichomeguka ukingoni:
nyuzi thelathini na saba,
kwa kukisia kidogo, maana mama hakusimama kunisubiri.

Hesabu niliifanya juu ya jiwe, kwa kipande cha kaa.
Kosaini, nukta nane: kilo ishirini zinakwenda mbele.
Saini, nukta sita: kilo kumi na tano zinapanda juu.

"Saini?" akauliza. "Mimi hapa huweka kidole."

Kisha akaiteremsha kamba, akainama juu ya jiwe.
"Ishirini na kumi na tano ni thelathini na tano.
Mizani imesema ishirini na tano.
Hizo kumi ni za nani?"
Kwa sauti ileile aliyomwekea msimamizi, Barng'etuny,
kila jioni ya malipo, mawe yanapohesabiwa.

Nikasema hazijumlishwi hivyo,
kwa kuwa hazielekei mahali pamoja.
Nikamchorea miraba: wa mia nne,
wa mia mbili ishirini na tano,
na ule mkubwa, mia sita ishirini na tano,
umetosha, hakuna salio.
Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa viwanja
anavyoambiwa ni vyake, ila hati hazijatoka.

"Haya. Na hizi za juu, Barng'etuny huzilipa?"
Hulipa jiwe likifika.
"Kwa hiyo miaka sita
nimekuwa nikivuta mbingu bure."

Sikuwa na jibu. Msuguano
tulikuwa tumeahidiwa muhula ujao.
Nikamwambia aifunge kamba kiunoni, chini,
pembe iishe, nguvu zote zielekee mbele
kama hesabu inavyotaka.
Akajaribu. Hatua nne.
Ulimi wa bati ukainama, ukalima mchanga,
ukazoa kokoto,
ukakwama.

Hakucheka. Aliirudisha kamba begani,
bati likainua pua,
likateleza.

"Hizo kumi na tano," alisema bila kugeuka,
"ndizo zinazonipunguzia jiwe."

Jioni nikamrudishia Gathirwa mizani yake.
Sindano haikurejea tena kwenye sifuri,
ilibaki imesogea kidogo,
kana kwamba kuna mtu bado anavuta.
Gathirwa akaiona, akanyamaza.
Waliolalamika, wiki ile nzima pale Rhonda,
ni wanunuzi wa nyama.